Iringa ndiyo kongwe, kwa nini Mbeya ndiyo ikawa Jimbo Kuu? Historia ya Ukatoliki Nyanda za Juu Kusini

#1 Mwana wa Kilolo

Wakuu, salaam. Wakatoliki wenzangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Kuna ubishi ambao Iringa hauishi, hasa Jumapili watu wakishatoka misa ya kwanza na kusogea kwenye ulanzi. Wazee wanahoji: Tosamaganga ilikuwepo kabla Mbeya haijawa hata mji. Iringa ilipata mkuu wake wa Kanisa mwaka 1922. Mbeya ikaja kuonekana kwenye ramani ya Kanisa miaka kumi baadaye, tena kwa jina la Tukuyu. Sasa ilikuwaje Desemba 2018 Roma ikaipandisha Mbeya kuwa Jimbo Kuu, na Iringa ikawekwa kwenye kanda yake? Wapo wanaosema ni siasa, wapo wanaosema watu wa Mbeya wana kelele. Hapo huwa ni ulanzi unaongea.

Msimamo wangu nauweka mapema msije mkasema nazunguka. Ukongwe haujawahi kuwa kigezo. Huku kwetu Ukatoliki uliingia kwa milango miwili, mmoja wa Pwani na mwingine wa Ziwa Tanganyika, na kwa muda mrefu waliopita mlango huu hawakujuana na waliopita ule. Mbeya ndiko walikokutana. Ukishaliona hilo, mambo ya 2018 hayakushangazi.

Nashusha kwa awamu, vumilieni.

#2 Mwana wa Kilolo

MLANGO WA PWANI

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, Wajerumani, walifika Pugu mwaka 1888. Hawakudumu, maana Januari 1889 misheni ilivamiwa wakati wa vita vya Abushiri, wengine wakauawa, wengine wakatekwa. Walirudi kujipanga na taratibu wakaanza kupanda bara.

Uhehe wakati huo ni moto. Agosti 1891 Mkwawa ameshawamaliza Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao Zelewski kafia hapohapo. Oktoba 1894 Wajerumani wanarudi na mizinga, Kalenga inaanguka, Mkwawa anaingia porini. Mwaka 1896 Tom von Prince anaanzisha boma la Iringa mpya hapa juu mlimani tulipo leo. Na kufikia 1897 Wabenediktini wameshapiga kambi Tosamaganga.

Angalieni hiyo tarehe vizuri. Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898. Kwa hiyo misheni ilikuwa inafyatua matofali wakati mtemi bado yuko hai, anawindwa, na watu wanampelekea chakula usiku. Sisemi kwa kuwalaumu mapadre, ila wanaopenda kusimulia kwamba Injili ilipokelewa Uhehe kwa nderemo wajue kwamba mizinga ilitangulia.

Mwaka 1905 Maji Maji ikaja. Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa tarehe 14 Agosti kwenye njia ya Liwale pamoja na mabruda na masista aliokuwa anasafiri nao. Peramiho ikachomwa. Tosamaganga ikapona, kwa sababu Wahehe wengi hawakuingia kwenye vita ile. Miaka saba tu tangu mtemi wao afe, nani alikuwa na nguvu ya vita nyingine?

Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani wote, mapadre na masista wakiwemo. Misheni zikabaki na makatekista. Hapa watu wa historia huwa wanaruka haraka mno. Kwa miaka kadhaa hakuna padre wa kudumu, hakuna misa, na bado watu wanakusanyika Jumapili, katekista anasali rozari nao, anabatiza mtoto aliye mahututi, anazika. Wageni walipokuja walikuta Kanisa limesimama. Halikuwa limesimamishwa na Mzungu.

Wageni hao ni Wakonsolata kutoka Torino, Italia, shirika la Giuseppe Allamano lililoanzishwa 1901 (huyu ndiye aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024). Walianza kuingia mwaka 1919. Mwaka 1922 eneo likakatwa kutoka Dar es Salaam na kuwa Prefektura ya Iringa (eneo la misheni ambalo bado si jimbo), chini ya Monsinyori Francesco Cagliero, aliyeiongoza hadi 1935. Makao yakawa Tosamaganga, si mjini.

#3 chapa_lapa

Nimekaa paleee na ulanzi wangu. Shusha nondo mkuu.

#4 Mwana wa Kilolo

TOSAMAGANGA NA MAASKOFU WAKE

Tosamaganga haikuwa kanisa tu. Palikuwa na useremala, mashine ya mbao, tanuru za matofali na vigae, shule, zahanati iliyokuja kukua hadi ikawa hospitali teule ya wilaya. Masista wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, Wateresina, shina lao ni palepale. Kituo cha watoto yatima wanachokilea bado kipo. Hospitalini madaktari Wataliano wa CUAMM, shirika la madaktari la Padova, wamekuwa wakipokezana kwa miaka na miaka.

Sekondari ya wavulana ya Tosamaganga wengi wenu mnaijua kama shule ya serikali. Ilikuwa ya misheni. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilitaifisha shule za madhehebu, nayo ikaenda na maji. Kuna mapadre wazee jambo hili liliwauma hadi kaburini, na kuna Wahehe wasio Wakatoliki waliopata shule kwa sababu yake. Yote mawili ni kweli.

Mwaka 1948 Iringa ikawa Vikarieti, hatua moja kabla ya kuwa jimbo, chini ya Attilio Beltramino, na tarehe 25 Machi 1953 ikawa Jimbo kamili. Siku hiyohiyo Roma ilisimika mfumo wa majimbo Tanganyika nzima, kukiwa na majimbo makuu mawili tu: Dar es Salaam na Tabora. Iringa ikawa upande wa Dar. Karema (Sumbawanga ya leo) ikawa upande wa Tabora. Mnaona milango bado ni miwili?

Beltramino alifariki 1965. Mwaka 1969 akateuliwa Mwafrika wa kwanza, Mario Epifanio Abdallah Mgulunde. Ndiyo, Abdallah, hamjakosea kusoma. Mwaka 1985 akapelekwa kuwa Askofu Mkuu wa Tabora. Akaja Norbert Mtega, naye 1992 akapandishwa kwenda Songea. Akaja Tarcisius Ngalalekumtwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa askofu mwandamizi Sumbawanga, na aliyeongoza pia Baraza la Maaskofu kuanzia 2012 hadi 2018.

Kwa hiyo wanaosema Iringa imedharauliwa wahesabu vizuri. Askofu wake mmoja alikwenda kuwa Mkuu Tabora, mwingine Songea, na Damian Dallu aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Songea mwaka 2014 alikuwa padre wa Iringa kabla ya kupewa Geita. Jimbo hili limekuwa likigawa watu kila upande.

#5 Binti Mfipa

Kaka, upande wa Ziwa niachie mimi, maana nyinyi wa Iringa mkifika Tunduma mnadhani nchi imeisha.

Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita White Fathers au Mapadre Weupe, walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema mwaka 1885. Miaka mitatu kabla Wabenediktini hawajaona Pugu! Kwa hiyo kama ni ukongwe, nyote kaeni chini.

Na mkitaja majina ya wazungu, tajeni na Adrian Atiman. Huyu alizaliwa upande wa Mto Niger, huko Mali ya leo, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Tanganyika mwaka 1888 kama katekista na daktari. Akakaa Karema mpaka alipofariki 1956. Zaidi ya miaka sitini anatibu watu wa ziwani, kaoa hukohuko, hakurudi kwao. Hospitali ya Dk. Atiman pale Sumbawanga imechukua jina lake. Wangapi wanapita getini bila kujua alikuwa ni nani?

Kingine: Mapadre Weupe hawakubatiza kwa haraka. Utaratibu wa Kardinali Lavigerie ulikuwa miaka minne ya mafundisho. Bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi walivyohojiwa katekisimu mmojammoja, swali na jibu, ukikwama unarudi mwaka mwingine. Ndiyo maana Ufipa ukasimama vile ulivyosimama. Mfipa hata akihamia Mbeya kuuza mchele, kitu cha kwanza anauliza jumuiya iko wapi.

#6 Mwana wa Kilolo

Asante dada Binti Mfipa, umenirahisishia kazi. Na hiyo sentensi yako ya mwisho kuhusu Mfipa kuhamia Mbeya ndiyo kiini cha uzi.

MBEYA

Kutoka ziwani Mapadre Weupe walisogea hadi Galula, bonde la Songwe, enzi hizohizo za Wajerumani. Lakini milima ya Rungwe ilikuwa imeshachukuliwa: Wamoraviani walifika Rungwe 1891, na Walutheri wa Berlin mwaka huohuo kwenye nchi ya Wanyakyusa upande wa chini. Mkatoliki alifika akiwa mgeni wa tatu kwenye nyumba iliyokwisha kupangwa. Ndiyo maana mpaka leo ukienda Tukuyu au Mbozi, Moraviani ndio wenye vijiji.

Mwaka 1932 Roma ikaunda Misheni ya Tukuyu kwa kukata vipande kutoka kwa majirani, Iringa ikiwemo. Kisha ikatokea jambo lisilo la kidini kabisa: dhahabu ya Lupa. Chunya ikajaa wachimbaji na vibarua kutoka kila kona, na Mbeya, mji ulioanzishwa mwaka 1927, ukawa ndio mahali pa kupita, kununua, kulala na kutibiwa. Tukuyu ilikuwa na mvua na ndizi, Mbeya ilikuwa na watu. Vikarieti ya mwaka 1949 ikaitwa ya Mbeya. Mwaka 1953 jimbo, pamoja na Iringa.

Baadaye barabara ya Zambia, na reli ya TAZARA iliyokamilika miaka ya 1970, zikamaliza mchezo. Mkristo wa Mbeya mjini ni Mfipa, Mnyiha, Msafwa, Mnyakyusa, Mbena, Mhehe, Mkinga mwenye duka. Hakuna kabila linaloweza kusema kanisa la Mtakatifu Antoni wa Padua ni letu. Iringa hatuna hicho. Parokia zetu nyingi vijijini hata mahubiri yakichanganywa na Kihehe hakuna anayelalamika.

Askofu James Sangu aliongoza Mbeya toka 1966 mpaka 1996, miaka thelathini. Halafu, na hapa ndipo napenda, akateuliwa Evaristo Chengula. Mzaliwa wa Mufindi na Mkonsolata! Yaani mtoto wa mlango wa Pwani anapewa jimbo lililolelewa na Mapadre Weupe wa mlango wa Ziwa. Na wakati huo Ngalalekumtwa aliyetoka Sumbawanga ameshakaa Iringa miaka minne. Milango ilikuwa tayari imefunguliwa, makaratasi tu ndiyo hayajaandikwa.

Chengula alifariki 21 Novemba 2018. Tarehe 21 Desemba 2018, mwezi mmoja kamili, Mbeya ikatangazwa Jimbo Kuu na Gervas Nyaisonga akatolewa Mpanda kuja kuwa Askofu Mkuu wa kwanza. Iringa, ambayo baada ya Dar ilikuwa imehamishiwa kanda ya Songea, ikatolewa huko, Sumbawanga ikatolewa kanda ya Tabora, zote zikaletwa Mbeya. Chukua ramani, weka kidole Sumbawanga, kingine Iringa. Mbeya iko katikati, barabara ya lami pande zote mbili. Roma haikuhitaji kumuuliza mtu umri.

#7 Mjukuu wa Lugalo

Mkuu umeandika vizuri ila umeipaka rangi. Wamisionari na boma walikuwa kitu kimoja. Mzungu mmoja ana bunduki, mwenzake ana msalaba, wa tatu ana daftari la kodi. Mkwawa aliwaona wote ni wamoja na hakukosea. Leo tunasherehekea Tosamaganga ilhali fuvu la babu yetu lilikaa Ulaya mpaka 1954 liliporudishwa Kalenga.

#8 Mwana wa Kilolo

Mjukuu wa Lugalo, sijapaka rangi. Nimesema mizinga ilitangulia, rudi #2. Bila Prince hakuna Tosamaganga, huo ni ukweli mchungu na hata mapadre waliosoma historia hawaukatai.

Ninachokataa ni kuwafanya babu zetu mazuzu waliobatizwa kwa kuburuzwa. Kama ingekuwa bunduki tu, Wajerumani walipoondolewa 1916 watu wangerudi kwenye matambiko yao siku ya pili, nani angewazuia? Hawakurudi, au tuseme ukweli zaidi, waliendelea na yote mawili kama wanavyofanya wengine mpaka leo. Huo ni uamuzi wao, tuuheshimu.

#9 Mlutheri wa Ilembula

Wakatoliki mnapenda kujisimulia kama vile mlikuwa peke yenu. Uhehe na Ubena Walutheri wa Berlin walikuwepo, na huko nyuma wamisionari walikuwa wakigombea vijiji kama madalali wa viwanja. Ukikuta kijiji kizima ni KKKT na kijiji cha jirani kizima ni RC, usidhani ni Roho Mtakatifu. Ni nani aliwahi kumfikia jumbe.

Halafu Kidugala kwetu, misheni ya Kilutheri, wakati wa Vita ya Pili waliletwa Wakatoliki wa Kipolandi kibao, wakimbizi. Wengine wakawekwa Ifunda. Wazee walikuwa wanashangaa, Wazungu maskini! Wanapanga foleni ya chakula, watoto peku. Nadhani ile iliwafundisha watu mengi kuhusu Wazungu kuliko mahubiri.

#10 chapa_lapa

Hapo kwa madalali wa viwanja nimecheka mpaka ulanzi umemwagika. Mchungaji kashtukia mchezo.

#11 Mzee wa Wasa

Wanangu, nawasoma kimyakimya, leo niongeze la kwangu maana haya mengine nimeyaona.

Misa nimeitumikia kwa Kilatini. Tulijibu hatujui tunajibu nini, lakini ukikosea padre alikuwa anageuka na jicho moja. Ulipokuja Mtaguso wa Pili wa Vatikano na misa ikawa ya Kiswahili, wapo waliolia kwamba dini imeharibiwa. Baada ya miaka miwili ngoma zimeingia kanisani, na hao waliolia ndio wa kwanza kucheza wakati wa kupeleka vipaji.

Kipaimara ndiyo ilikuwa siku. Askofu hawezi kufika kila mwaka, barabara za kwetu masika zinajulikana. Basi siku akija, toka alfajiri vijana wako njia panda na matawi. Akina mama wametandika kanga chini toka barabarani hadi mlango wa kanisa. Ukisikia gari linaunguruma bondeni, vigelegele vinaanza kabla halijaonekana. Watoto mia na zaidi wamepanga mstari, kila mmoja na msimamizi nyuma yake kamwekea mkono begani. Askofu anapaka mafuta mmojammoja, anauliza jina, mwingine kwa woga analisahau jina lake la ubatizo anataja la nyumbani. Halafu mbuzi, kuku, mahindi gunia, asali. Askofu mzima anaondoka na kuku wamefungwa miguu kwenye buti la gari.

Ninalotaka kusema ni hili. Katekista ndiye aliyewafundisha wale watoto wote, miaka miwili, jioni, bila mshahara wa maana. Alilipwa debe la mahindi na kulimiwa shamba. Siku ya sherehe unamkuta yuko nyuma anapanga viti. Majina ya maaskofu mmeyaandika yote na tarehe zao. Sawa.

#12 Binti Mfipa

Shikamoo mzee. Umesema.

#13 Mbalizi Road

Mimi ni wa Mbeya na sioni cha kubishania. Jimbo Kuu si bosi wa jimbo jingine. Askofu wa Iringa haombi ruhusa Mbeya kumhamisha paroko. Askofu Mkuu ana paliamu (ule ukanda wa sufu wa mabegani) na anasimamia kanda, mambo ya kila siku ya Iringa yanabaki Iringa. Watu wanaongea kana kwamba sadaka za Kihesa zinaletwa Mbeya kwa basi.

Swali langu mimi: Njombe mbona ilibaki Songea? Kijiografia si wako karibu na sisi?

#14 Mwana wa Kilolo

Mbalizi Road, swali zuri, na umeniwahi kwenye hilo la mamlaka.

Njombe ilizaliwa 1968, na Askofu Raymond Mwanyika akaiongoza kuanzia 1971 hadi 2002, akafuata Alfred Maluma mpaka alipofariki Aprili 2021. Lakini Njombe yenyewe ina damu mbili. Kuna upande waliolima Wakonsolata, Makete kwa mfano. Hospitali ya Ikonda kule milimani ni kazi yao, na watu wanafunga safari toka Dar na Mbeya kwenda kutibiwa kwenye baridi ile. Na kuna upande wa Wabenediktini wa Peramiho, Uwemba mpaka Lugarawa, na masista Wabenediktini wa Imiliwaha. Barabara ya Songea inapita katikati ya Njombe. Kwa hisia zangu, sehemu kubwa ya Njombe inatazama Peramiho kuliko inavyotazama Uyole ya Mbeya. Makambako ndiyo mpaka wa macho.

Mzee wa Wasa, shikamoo. Ujumbe umefika.

#15 Mama Mapanda

Na sisi wa Mufindi mbona mmeturuka? Tuna jimbo letu sasa, Mafinga, lilitangazwa Desemba 2023, askofu wetu wa kwanza ni Vincent Cosmas Mwagala. Iringa mmebaki na vumbi la Isimani, msitu na chai ni vyetu.

Utani pembeni, sisi wa huku tulistahili siku nyingi. Usokami na Mapanda mapadre wa Bologna wamekuwa nasi tangu miaka ya 1970, si wa shirika, ni mapadre wa jimbo la Bologna wanaotumwa kwa zamu. Kuna bibi wa huku anakuuliza habari za Bologna kama anauliza habari za Kilolo. Lakini askofu kutoka Iringa mjini kuja kwetu masika ilikuwa ni kudra. Gari linakwama kwenye utelezi, vijana wa kwaya wanavua viatu kulisukuma, ndipo misa ianze saa saba. Sisi akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, tumeshapika toka usiku, wali umekuwa mgando.

Mimi nilichangia ujenzi kwa tofali, kwa ng'ombe wa jumuiya, na kwa siku za kazi. Jimbo jipya ni michango, hilo mjue. Kila Jumapili kuna bahasha. Kanisa kuu, nyumba ya askofu, ofisi, gari. Wanaume wakilalamika huwa tunawaambia watoe hesabu ya ulanzi wa mwezi tulinganishe.

#16 chapa_lapa

Mama Mapanda umenitafuta mimi moja kwa moja.

#17 Mjukuu wa Lugalo

Mama kanena. Ila mnaona mtindo? Tosamaganga ilizaa Njombe, ikazaa Mafinga, ikachangia Tukuyu. Jimbo mama linabaki dogo kila mara. Mwana wa Kilolo, kwa hoja yako ya barabara, Iringa haitakuwa Jimbo Kuu kamwe?

#18 Mwana wa Kilolo

Sijui ya kesho, lakini sioni ubaya. Jimbo linalokatwa ni jimbo lililojaa. Yale yasiyokatwa ndiyo ya kuulizwa. Dar ya zamani ilifika mpaka huku, leo hakuna anayeilia.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Kila jimbo jipya likizaliwa, linaanza kuandika historia yake kuanzia tarehe ya kuzaliwa. Mafinga itaandika 2023. Mdabulo, Usokami, Malangali, huko kote kuna watu waliobatizwa kabla ya babu zetu kuoa, na habari zao zitabaki kwenye makabati ya mji mwingine. Kama kuna mtu wa Mafinga anayesoma hapa na ana sikio la wakubwa, wakusanye wazee sasa hivi na simu ya kurekodi. Kila masika tunazika wawili watatu.

#19 Kijana wa Ipogolo

Wakuu samahani kuingilia. Babu yangu mzaa baba alibatizwa Tosamaganga miaka ya thelathini, tunahitaji kujua jina lake kamili na la baba yake kwa ajili ya mambo ya ukoo. Inawezekana kupata? Naanzia wapi?

#20 Mwana wa Kilolo

Inawezekana, kijana, wengi wamepata.

Daftari la ubatizo halihamishwi parokia inapogawanywa. Kama alibatizwa Tosamaganga, atakuwa Tosamaganga hata kama kijiji chake leo kiko parokia nyingine au jimbo jingine. Ni madaftari makubwa, jalada gumu, vichwa vya safu kwa Kilatini: namba, tarehe, jina, baba na mama, msimamizi, padre aliyebatiza. Pembeni kuna nafasi wanakojaza kipaimara na ndoa, maana sheria ya Kanisa inataka ndoa iandikwe hata kwenye daftari la ubatizo. Kwa hiyo ukimpata babu, kuna uwezekano mkubwa utampata na bibi kwenye mstari huohuo, na parokia walikofungia ndoa.

Usiende na mwaka peke yake, utafunua kurasa mpaka kengele ya saa sita. Nenda na jina la ubatizo, jina la kigango (kanisa dogo chini ya parokia) na kama inawezekana jina la msimamizi. Na uwe mpole na tahajia: majina ya Kihehe yaliandikwa jinsi sikio la Mtaliano lilivyosikia. Jina la babu yako likikosekana, litamke kwa sauti kisha litafute upya kwa jinsi lilivyosikika.

#21 Mzee wa Wasa

Na apige simu ofisini kwanza. Jumatatu asiende, mapadre wanapumzika.